Umepangiwa kufundisha Kigoma? Soma hii kabla hujaingia darasani

Hii naiandika kwa walimu wa shule za msingi, hasa nyie wa ajira mpya mnaoshuka Kigoma na begi moja na godoro, Kiha hamjui, mtu hamjui, alafu Jumatatu mnakabidhiwa Darasa la Tatu lina watoto tisini wakati kwenye makaratasi uwiano ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Wa Tabora nao waichukue tu, mambo mengi yanafanana, pale yanapoachana nitasema.

Neno "darasa rafiki" kila mtu analo mdomoni siku hizi. Ukizunguka shule utakuta maana yake imekuwa mabango ya manila ukutani na mwalimu asiyefoka sana. Sawa, havina ubaya. Ila mtoto anaanza kujisikia pale ni kwao siku anapogundua kuna kitu anakijua yeye ambacho wenzie na hata mwalimu wanakihitaji, na kwamba asipokuja kesho kuna kazi itakwama. Basi. Hatua zote za hapa chini zinazunguka hilo, kwa iyo ukikosa mda wa kusoma zote ruka moja kwa moja mpaka ya makundi.

Hatua ya 1: Zunguka kabla hujafundisha

Wiki ya kwanza usijifungie na andalio la somo. Toka. Kigoma sio moja. Mwambao wa Ziwa Tanganyika una Wabembe, Wamanyema, Watongwe, Wajiji, watu wa dagaa na migebuka, na asilimia kubwa ya maisha yao inaendeshwa na mwezi wa angani. Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko ndo Buha kwenyewe, nchi ya Waha, wakulima wa maharage, mihogo, mahindi na kule milimani kahawa. Uvinza kuna chumvi, kuna wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao, kwa hiyo darasa moja linaweza kuwa na mtoto anayejua kuchunga na mwingine anayejua kushona nyavu na hawajawahi kuongea kitu cha maana wao kwa wao. Ukifundisha wote kama "watoto wa Kigoma" umeshakosea hesabu.

Nenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, asubuhi dagaa zinapoanikwa, nenda gulio, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji ujitambulishe (hii usiiruke, ukiiruka utaambiwa una dharau hata kama hujui kosa lako), msikitini au kanisani kwako, na tafuta mwalimu mwenyeji mmoja asiyekuwa na majungu. Unachotafuta ni vitu vitatu: watoto wanafanya kazi gani nyumbani, wanaongea lugha gani wakiwa wenyewe, na ni siku zipi za mwezi au miezi ipi ya mwaka wanapungua darasani.

Hilo la siku za kupungua likoje? Mwambaoni dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika. Sasa ukifungua kitabu cha mahudhurio cha shule ya mwambao ukakiweka pembeni ya kalenda ya mwezi utaelewa mengi kuliko ripoti yoyote, maana siku za giza kuna watoto wanashinda mwaloni kusaidia kuanika na kubeba. Na mwaka 2024 serikali ilifunga ziwa lisivuliwe kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kipindi kama hicho mtoto anaweza akawepo darasani kila siku ila hana daftari wala hajala. Tabora, hasa Urambo, Kaliua na Sikonge, badala ya mwezi angalia tumbaku, msimu wa kuchuma na kukausha ndo utajua nani ana mashamba kwao.

Andika hivyo vyote kwenye daftari moja. Tutalirudia baadae.

Hatua ya 2: Majina, salamu, na neno moja la kupiga marufuku

Jifunze majina. Watoto tisini ni wengi najua, chukua dawati moja au mawili kwa siku. Tamka jina kama mama yake anavyolitamka, usilifupishe kwa kuwa linakusumbua ulimi, na usimpe mtoto jina lako la kizungu eti ni rahisi. Waha wana majina yanayobeba taarifa, Bukuru na Butoyi ni mapacha, anayewafuata ni Chiza, ukiwajua hao watatu umeshaijua familia moja.

Salamu: Waha wa vijijini wanasalimiaga kwa heshima ndefu, mtoto anainama, anaweza kupiga makofi taratibu, macho chini. Mwalimu aliyezoea watoto wa Dar wa "shikamoo ticha!" huku wanakimbia anaweza kudhani huyu mtoto ni mwoga au anaficha kitu. Hafichi. Usimlazimishe akutazame usoni ndo uamini anasema kweli. Na wewe ukijua kusema "Mwakeye" asubuhi hata kwa matamshi ya ajabu, watacheka, na kucheka huko kunakusaidia kuliko semina nzima.

Sasa hilo neno. Huku mpakani mtoto akitaka kumuumiza mwenzie anamwita "Mrundi" au "mkimbizi". Mgeni anaweza kuona ni utani wa kitoto. Sio. Kiha na Kirundi zinakaribiana sana, ndugu wapo pande zote mbili za mpaka, na mambo ya uraia na uhamiaji ni mazito kwa familia nyingi, kwa iyo neno hilo likitamkwa darasani mtoto ananyamaza wiki nzima na wewe hujui kwa nini. Kambi ya Nyarugusu ipo Kasulu tangu 1996, na watoto wa kambini wamekuwa wakisomaga humohumo kwa mitaala ya nchi zao, maana yake huyo unayemsikia anaitwa mkimbizi kwenye darasa lako la kijijini uwezekano mkubwa ni Mtanzania ambaye bibi yake alizaliwa upande wa pili. Tabora hali ni hiyo hiyo kwa watu wa Ulyankulu, wazee wao walikuja kutoka Burundi mwaka 1972, mwaka 2014 serikali ikawapa uraia wakimbizi hao wa zamani zaidi ya 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na bado mjukuu aliyezaliwa hapa anaitwa mkimbizi wakati wa mapumziko.

Ufanye nini? Moja, usiulize kabila wala asili ya mtoto mbele za watu, hata kwa nia nzuri, hata kama ni somo la utamaduni. Mbili, likitamkwa simamisha somo, kwa sauti ya kawaida sema hilo neno humu halitumiki kama jina la mtu, endelea. Usifanye kesi ya nusu saa maana utamfanya aliyeitwa awe kituko. Aliyelisema utamwita pembeni baadae. Tatu, walimu wenzako ofisini nao walisemaga, waambie. Watakwambia "ah ni utani tu". Utani wa makabila yetu unaujua, ni wa watu wazima na kila mmoja ana ruhusa ya kujibu, mtoto wa miaka nane atamjibu nani?

Hatua ya 3: Lugha

Kwenye shule zetu za serikali lugha ya kufundishia msingi ni Kiswahili na hapo hakuna mjadala. Ila mtoto wa Darasa la Awali au la Kwanza wa kule ndani Kakonko au Buhigwe anakuja shule na Kiha, Kiswahili anakisikia redioni na sokoni. Ukimkataza Kiha siku ya kwanza umemkataza kuongea, ni hivyo tu. Na ule mtindo wa kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kuwa kaongea lugha ya kwao, uache, hata kama shule unayoenda wameuzoea.

Mimi nashauri hivi: wakiwa wawili wawili au kwenye kundi wajadili kwa lugha yoyote, wakija kutoa jibu mbele watoe kwa Kiswahili, wakikwama mwenzao awasaidie. Wewe usiyejua Kiha chagua mkalimani wa wiki, awe mtoto, na zamu izunguke. Hapo angalia kitu kinachotokea, yule mtoto anayeonekana "mzito" kwa Kiswahili ndo mara nyingi anakuwa mkalimani mzuri kwa sababu Kiha chake kimenyooka, na ghafla mwalimu anamtegemea yeye.

Alafu usisahau mtoto wa Kibembe au wa Kisukuma. Kwenye shule nyingine Kiha kikiruhusiwa sana kinageuka kuwa ukuta mpya, watoto wawili watatu wanabaki nje hawaelewi wala Kiswahili cha kitabu wala Kiha cha wenzao. Kundi likiwa na mtoto wa namna hiyo, kanuni ni lugha ambayo wote kwenye kundi wanaielewa hata kama ni Kiswahili cha kuungaunga.

Makosa ya L na R usichekee na usiruhusu wacheke. Mtoto aliyesema "kura" akimaanisha "kula" mjibu kwa kurudia sentensi yake vizuri, "ndio, tunakula mchana," songa mbele. Kaskia.

Na ukiuliza swali subiri. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alipima akakuta walimu wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu ndo wanamtaja mwingine au wanajijibu, na wakisubiri sekunde tatu majibu yanakuwa marefu na watoto waliokuwa kimya wanaanza kujibu. Sasa hapo ni mtoto anayefikiri kwa lugha hiyohiyo ya swali. Wa kwetu anatafsiri kwanza kichwani. Hesabu mpaka tano kimoyomoyo, inakera, vumilia.

Hatua ya 4: Chumba chenyewe

Hapa sitachelewa. Ukuta uwe wa kazi za watoto, zibadilishwe, na za wote sio za wale watano wa kila siku. Zana tumia zilizopo: vifuniko vya soda vya kuhesabia, maboksi, mbegu za michikichi, mchanga wa kuandikia kwa wadogo. Picha za vitabuni zikiwa na treni ya umeme na ghorofa hazina shida, ila ziwepo na za mtumbwi na shamba la mihogo. Mtoto mwenye shida ya kuona au kusikia akae mbele, na mwambie kwa siri sio kwa kumtangaza. Wasichana waliobalehe wajue ni mwalimu gani wa kike wa kumfuata wakipata dharura. Inatosha.

Hatua ya 5: Makundi

Hapa ndo penyewe. Wengi tunasema tunafundishaga kwa makundi, ukiingia darasani unakuta watoto wamekaa kwa makundi, mmoja anafanya kazi, watano wanamwangalia au wanachezeana masikio. Hiyo ni safu iliyokunjwa tu.

Mwaka 1971 kule Austin, Texas, shule zilikuwa zimelazimishwa kuchanganya watoto weusi, weupe na wenye asili ya Mexico waliokuwa wanasoma shule tofauti, ikawa ugomvi kila siku. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wakaja na njia rahisi sana: gawanya somo vipande, kila mtoto kwenye kundi apewe kipande chake peke yake, wenzie hawawezi kukipata popote isipokuwa kwake. Ghafla yule uliyekuwa unamdharau ana kitu unachokitaka kwa ajili ya mtihani. Mimi kwenye mambo yote niliyosoma ya ualimu hii ndo inanikaa zaidi, kwa sababu haimwombi mtoto awe na roho nzuri, inampangia kazi ambayo bila mwenzie haiishi.

Shida ni kwamba imetengenezwa kwa madarasa madogo. Watoto tisini wakianza kuzunguka na viti ni vumbi tupu na headi atakuja mlangoni. Kwa madawati yetu ya watatu watatu fanya hivi.

Madawati 30, watoto 90. Dawati la mbele wageuke nyuma, wanaangaliana na dawati linalofuata, hapo una kundi la sita bila kuhamisha kitu. Makundi 15. Kila kundi lina jozi tatu, jozi A, jozi B, jozi C. Sasa yaunganishe makundi matatu matatu yaliyo jirani, tuite mtaa, una mitaa mitano. Kwenye kila mtaa jozi A zote tatu zinakutana kwenye meza ya kundi la kwanza, B meza ya kundi la pili, C meza ya kundi la tatu. Wamekuwa sita sita tena na hakuna aliyetembea zaidi ya hatua nne tano. Hao ndo wataalamu wa kipande chao. Wakimaliza wanarudi kwao kufundisha.

Kipindi cha dakika 40 kigawe hivi: dakika 5 kugawa vipande, 10 wataalamu wanasoma pamoja na kukubaliana watasema nini, 15 wanarudi kwenye kundi kufundishana, 10 za mwisho unauliza wewe. Na siri ya dakika 10 za mwisho, swali la kipande A muulize mtoto wa B au C. Usimuulize mtaalamu. Ukimuuliza mtaalamu umeua kitu chote, kwa sababu wenzie watajua hawana haja ya kumsikiliza.

Mfano wa somo. Shule ya mwambao, "Dagaa kutoka ziwani mpaka Dar". Kipande A: kuvua, kwa nini usiku wa giza, taa inafanya nini, nyavu za aina gani. Kipande B: kukausha, mchangani na kwenye chanja kuna tofauti gani, mvua ikinyesha inakuwaje. Kipande C: kusafirisha na kuuza, reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 na malori ya leo, na bei ya sado hapa na kule. Andika sentensi tano tano kwa kila kipande kwenye nusu karatasi, jozi moja nusu karatasi moja, ukikosa karatasi wasomee wataalamu wa kipande hicho kwa sauti ndogo mtaa kwa mtaa. Acha nafasi ya sentensi mbili ambazo watajaza wenyewe kutokana na wanachojua. Hizo sentensi mbili ndo utaona mtoto anayekosaga shule siku za giza anaongea kama profesa, maana kila mtu pale amekuwa mgeni wake.

Ukiwa Buhigwe au Kasulu milimani tumia kahawa: kuchuma, kumenya na kuosha, kukausha na kuuza. Tabora una asali, mzinga, kurina, kuchuja na kuuza. Hesabu nazo zimelala hapohapo: dumu la mawese la lita 20 ujaze chupa za lita moja na nusu, zinajaa ngapi na yanabaki kiasi gani? Zinajaa 13, inabaki nusu lita. Watoto wa mama wanaouza mawese watakupa jibu kabla hujamaliza kuandika ubaoni, ila waambie waandike njia, hapo ndo kazi ilipo.

Historia nayo usiikimbilie mbali. Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, ni hapahapa, na njia ya misafara ya pembe na watumwa ilitoka huku ikapita Tabora mpaka Bagamoyo. Watoto wa Kimanyema, wa Kinyamwezi na wa Kiha wote mababu zao wamo kwenye hiyo njia, kwa namna tofauti, na mengine machungu. Kwa hiyo usiwaulize watoto "nani babu yake alikuwa nani". Uliza njia, mizigo, vyakula, miji iliyokua kwa sababu hiyo.

Kazi za ndani ya kundi: msemaji, karani, mtunza mda, mgawa vifaa, muulizaji, na mlinda zamu ambae kazi yake ni kuhakikisha kila mtu ameongea kabla mtu hajaongea mara ya pili. Sita, kila mtoto yake. Zibadilike kila Jumatatu na ziandikwe ukutani, la sivyo utakuta wasichana ni makarani mwaka mzima na wavulana ni wasemaji, na kufagia hakuna anayeuliza ni kazi ya nani.

Kupanga watoto, usiache wajipange. Wakijipanga watakaa kwa ujirani wa nyumbani, kwa dini, kwa uwezo. Wala usiwapange waerevu kundi lao na "wazito" kundi lao ukawaita Simba na Sungura, hata wakiitwa Malaika wanajua. Wachanganye kwa kutumia lile daftari la hatua ya kwanza: kundi la sita liwe na mtoto wa ziwani, wa shambani, wa dukani, mwenye Kiswahili kizuri, mwenye Kiha kizuri. Kaa nao mhula mzima kabla ya kubadilisha, mazoea yanachukua mda.

Kelele zitakuwepo. Mwambie mwalimu mkuu mapema, tena mualike aje akae dakika 20. Na weka ishara moja ya kunyamaza, makofi ya mdundo watoto waitikie, inafanya kazi kuliko kugonga meza na rula.

Mtoto anayetawala kundi mpe ulinda zamu. Mtoto asiyeongea kabisa usimpe usemaji wiki ya kwanza, mpe utunza mda, kazi inayomlazimu kusema neno moja tu, "zimebaki mbili". Baada ya hapo maneno yanaongezeka yenyewe.

Hatua ya 6: Sheria na fimbo

Tunga sheria nne au tano na watoto, zisiwe za "usi" zote. Hapo sina la zaidi.

La fimbo ninalo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa nae kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Sasa jiulize mwenyewe zile za kuchapa mstari mzima kwa kukosa hesabu ziko kwenye kitabu kipi. Ila hata tukiacha sheria: njia yote ya makundi inategemea mtoto akubali kukosea mbele ya wenzie. Darasa ambalo kukosea ni kuchapwa hakuna mtoto atatoa jibu asilolijua kwa uhakika, na anayelijua kwa uhakika hahitaji mwalimu. Huwezi kuchukua yote mawili. Mtoto akivunja kitu akitengeneze, akimuumiza mwenzie amfanyie kitu, akichelewa muulize ametoka wapi kabla hujamuuliza kwa nini. Kuna anayetembea kilomita nyingi na alianzia kisimani.

Hatua ya 7: Wazazi waje kufundisha, sio kuchangishwa

Ada za shule za msingi zilishaondolewa lakini mzazi akisikia "unaitwa shule" anajua ni mchango au kesi. Kwa iyo mwito wako wa kwanza usiwe wa hela. Mwite mama mmoja wa mwaloni aje aeleze dagaa wazuri anawajuaje, dakika 15 tu, watoto waandae maswali siku moja kabla. Mwite mzee wa michikichi, fundi mtumbwi, mfuga nyuki. Muonyeshe kiti, mtambulishe kwa heshima yake, mwite mama fulani au mzee fulani kama kijiji kinavyomwita, na watoto wamwamkie. Asipojua kusoma hakuna wa kumuuliza hilo. Mtoto wake siku hiyo atatembea na mabega juu, na huyo mama kesho yake atakutumia salamu na pengine dagaa, pokea dagaa.

Ushirikiano wa wazazi na walimu, UWAWA, kama upo shuleni kwako utumie kupanga hizo zamu. Mikutano iwekwe mchana siku isiyo ya gulio, na mwambaoni iwe siku za mbalamwezi. Ukiweka mkutano asubuhi ya siku za giza alafu ukasema "wazazi wa huku hawajali elimu" tatizo ni ratiba yako.

Siku ya Utamaduni yenye ngoma na vyakula ifanyeni, inapendeza. Ila isije ikawa ndo utamaduni wote mwaka mzima. Gloria Ladson-Billings, aliyeandika mwaka 1995 kuhusu walimu wa Marekani waliofanikiwa kufundisha watoto weusi, jambo la kwanza alilodai ni watoto wafaulu masomo yao, utamaduni ulikuwa ni njia na haki yao, sio badala ya kusoma. Ukiona watoto wanacheza ngoma vizuri na kusoma hawajui, hapo hatujafanya kitu.

Hatua ya 8: Anayepotea na anayerudi

Mtoto akikosa siku tatu, wa kwanza kujua awe ni kundi lake. Wape kazi hiyo, mlinda zamu anakuletea taarifa, na mmoja anayekaa karibu nae anapita kwao na daftari. Mara nyingi mtoto anarudi kwa sababu wenzie wamekuja kumdai kipande chake.

Akirudi usimpokee na "ohoo, umefufuka?" Najua inatoka yenyewe mdomoni. Kiti chake kiwe bado ni chake na kazi yake kwenye kundi iwe imeshikwa kwa mda tu, sio imechukuliwa. Kundi limpe muhtasari wa walichofanya, dakika 10, wewe ongeza. Na kama alikuwa ziwani au shambani muulize kitu cha kule kinachoingia kwenye somo la wiki hiyo.

Binti aliyerudi baada ya kujifungua ana haki ya kuwepo pale kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, hilo halihitaji ruhusa ya mwalimu yeyote ofisini. Ongea na kundi lake kabla hajafika, mkae mkubaliane maswali ambayo hayataulizwa. Mpe mwalimu wa kike wa kumfuatilia. Usimtolee mfano mbele ya wasichana wengine, si mfano mbaya wala mzuri, amekuja kusoma.

Hatua ya 9: Lile daftari

Kila mwisho wa mwezi pitia, jiulize ni watoto gani sijaandika kitu juu yao. Majina yaliyo wazi ndo watoto wa kuwaanza mwezi unaofuata. Na ukitaka kujua kama darasa linakwenda, toka nje dakika tano katikati ya kazi ya makundi, simama pembeni ya dirisha usikilize, kama kazi inaendelea na sauti unazozisikia sio zilezile nne, endelea hivyo hivyo.

Ukipata uhamisho, na wengi tunauomba tusidanganyane, lile daftari usiondoke nalo. Chana kurasa za mambo ya siri ya familia uzichome, zilizobaki mkabidhi anayekupokea: makundi, wakalimani, siku za giza, wazazi waliokuja kufundisha na namba ya mwenyekiti wa kitongoji. Na mtambulishe mwenyewe kwa watoto, umwambie mbele yao ni nani anajua nini.